Daftari la Uyoga: Maisha ya Mama Stefania Matayo Mhina, 1925–1985

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kwamzuza leo, Alhamisi tarehe 18 Aprili 1985, wengine kwa miguu tangu alfajiri na wengine juu ya lori la ushirika, familia inawashukuru. Marehemu aliacha maagizo juu ya maelezo haya. Alitaka yawe ya kweli, yawe mafupi, na mwishoni usomwe ukurasa mmoja wa daftari lake, bila kuongezwa wala kupunguzwa neno. Agizo la ufupi huenda tukalivunja kidogo. Yale mengine mawili tutayatimiza.

Stefania alizaliwa tarehe 12 Machi 1925 katika kambi ya wakata mkonge ya Ngombezi, wilayani Korogwe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Matayo na Mama Bernadina. Baba alitoka Tabora akiwa manamba, kwa mkataba wa miezi tisa, akabaki miaka arobaini. Katika safu ile ya vyumba vya kambi kila mlango ulikuwa na kabila lake, na kabla hajaota meno ya ukubwa Stefania alikwisha kujua kuamkia watu kwa lugha tano.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na malundo ya mabaki ya mkonge yaliyotemwa na korona, ile mashine kubwa ya kusaga majani na kutoa singa, yaani nyuzi za mkonge. Mvua ikinyesha, malundo yale yaliota uyoga mweupe, na akina mama wa kambini waliuwahi asubuhi mapema, kwa sababu ukiuchelewesha hadi mchana unayeyuka na kuwa maji meusi kama wino. Siku moja Mama Bernadina alimkuta bintiye amechovya kijiti katika maji hayo, anachora ukutani. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu kwamba chakula kimekataa kuliwa, basi anaona kama kitakubali kuandika. Mama alimchapa kofi moja, kisha akawaita majirani waje waone. Mchoro ule ulidumu ukutani mpaka kambi ilipopakwa chokaa.

Mwaka 1934 Baba alimpandisha milimani Lutindi, kwenye shule ya misheni, akasoma huko hadi mwaka 1941. Mdogo wake, Kaleb, aliyeandika maelezo haya, alimfuata miaka mitatu baadaye na kumkuta amekwisha kuwa kiongozi wa zamu ya maji. Bibi mwalimu wa darasa la nne alikuwa na desturi ambayo wanafunzi wengi waliisahau na Stefania hakuisahau kamwe. Kila Ijumaa aliwaamuru wapige mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto waliandika “Niliyoambiwa”, upande wa kulia “Niliyoyaona”. Ijumaa moja Stefania aliandika kulia kwamba chui alipita nyuma ya bweni.

“Umemwona?” aliuliza bibi mwalimu.

“Nimeona nyayo, Bibi.”

“Basi andika nyayo. Chui mpeleke kushoto.”

Alikuwa akikisimulia kisa hicho hata katika ugonjwa wake, naye akicheka kila mara kama anakisikia kwa mara ya kwanza.

Alipomaliza shule alifundishwa uuguzi katika hospitali ya misheni, kisha mwaka 1946 akarudi Ngombezi kuwa mhudumu wa zahanati ya kambi. Huko ndiko alikomfahamu Yordani Mhina, kijana wa Kishambaa, fundi wa korona. Katika juma moja Yordani alifika zahanati mara tatu na kidole kile kile.

“Kidole hiki kilipona juzi,” Stefania alimwambia.

“Ni kweli, dada. Leo anaumwa jirani yake.”

“Na kesho?”

“Kesho namleta mkono mzima, ikiwa utaupokea.”

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1949. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hiza na Mashavu, na kuanzia hapo wengi mlimjua kwa jina la Mama Hiza.

Alipenda kazi yake kwa namna ya utulivu, bila makelele. Katika kitabu cha zahanati, chini ya tarehe 9 Desemba 1961, kuna mstari mmoja tu wa mwandiko wake: “Leo hakuna mgonjwa. Wote wako uwanjani.” Aliulizwa baadaye kwa nini siku kubwa kama ile ya Uhuru hakuandika zaidi. Alisema aliandika alichokiona, na kwamba katika miaka yake yote ya uuguzi ilikuwa siku pekee ya afya kamili.

Baada ya Azimio la Arusha mashamba yakawa ya umma, kisha bei ya mkonge ikashuka, na mwaka 1973 Yordani akapumzishwa kazi. Wakati huo vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa Handeni, na Kwamzuza palitakiwa mhudumu wa zahanati. Walishuka hapa na masanduku mawili, cherehani na kuku sita. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadala, aliyepo hapa leo, aliwapokea kwa hotuba ndefu, na Mama Hiza alimuuliza kwa adabu kama zahanati yenyewe iko wapi. Ilikuwa bado ni miti iliyolala chini.

Hapa ndipo alipokutana na Bibi Swaumu Mbwana, Mzigua wa tangu na tangu, aliyekuwa akitibu watu kabla ya kijiji kuwapo. Wengi walidhani watagombana. Siku ya kwanza Bibi Swaumu alisimama mlangoni pa zahanati, akatazama sindano zikichemka kwenye sufuria.

“Shikamoo, Bibi,” alisema Mama Hiza.

“Marahaba. Nasikia wewe ni Mnyamwezi.”

“Baba yangu, ndiyo.”

“Basi ni mtani wangu. Wazee wako walipita hapa na mizigo ya pembe kichwani, wakala mihogo yetu. Umekuja kulipa?”

“Nimekuja kuongezewa, Bibi.”

Tangu siku hiyo walikuwa watu wa nyumba moja. Bibi Swaumu alimwonyesha uyoga mgumu unaoota kama rafu ubavuni mwa magogo makavu, mwekundu juu na mweupe chini, usiotafunika. Aliukata vipande, akauchemsha nusu siku kwenye chungu hadi maji yawe na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, machungu kweli kweli. Aliwapa watu wenye uvimbe, wenye vidonda vya tumbo na waliodhoofika. Mama Hiza alinunua daftari dukani, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa kama alivyofundishwa Lutindi, akaanza kuandika: jina la mgonjwa, aliyoambiwa, aliyoyaona. Hakudharau na hakusifu.

Kisha ukafika mwaka 1975, na marehemu aliagiza kwamba jambo lile lisirukwe. Nyumba zetu za kwanza, mnakumbuka, zilijengwa kwa haraka. Miti ilikatwa mibichi na kusimamishwa na magome yake. Masika ya mwaka ule yalipokolea, nguzo za nyumba zilianza kuota uyoga, mwekundu juu, mweupe chini, ule ule kwa macho. Bibi Swaumu alikuwa amekwenda Mashewa kumuuguza binti yake. Msituni ni mwendo wa saa mbili. Mama Hiza aliutazama uyoga wa nguzoni, akauvunja, akaunusa, akawaambia akina mama kwamba ndio huo, wasihangaike kwenda mbali.

Watu saba walikunywa. Wote saba walitapika siku mbili, na mmoja wao, mama mjamzito, tulimkatia tamaa. Mama Hiza hakuondoka kwenye mikeka yao, akiwanywesha maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, mpaka wote wakasimama. Baadaye Yordani ndiye aliyegundua sababu. Nguzo zile tulizipaka oili chafu ya trekta kuzuia mchwa, na uyoga ulikuwa umeinywa.

Uliitishwa mkutano. Wako waliosema ni uchawi wa Bibi Swaumu, aondolewe kijijini. Bibi alikuwa amerudi siku hiyo hiyo, ameketi na furushi la safari mapajani, hajui hata analaumiwa kwa nini. Mama Hiza alisimama.

“Ndugu Mwenyekiti, Bibi huyu hakuwapo. Aliyesema uyoga ni ule ule ni mimi. Niliandika chui na nilikuwa nimeona nyayo.”

Hakuna aliyeelewa habari ya chui, ila walielewa kwamba aliyekosa amejitaja. Bibi Swaumu alimgeukia mbele ya watu wote.

“Wewe Mnyamwezi, umenichungulia miaka miwili nikichuma uyoga, hukuona kwamba mimi kwanza naupigapiga mti, naunusa, nauliza ulikufa kwa nini? Uyoga unakula kile mti ulichokula!”

“Niliona, Bibi. Nilidhani unaomba dua.”

“Dua naomba nyumbani kwangu, mara tano kwa siku, zinatosha!”

Mkutano uliangua kicheko na shauri likafa pale pale. Lakini jioni ile Mama Hiza aliongeza safu ya tatu katika daftari, yenye neno moja juu yake: “Mti”. Kuanzia hapo hakuandika uyoga bila kuandika umetoka mti gani, umesimama wapi, na umekufa kwa nini.

Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyomleta Bwana Ponsiano, mtafiti kijana kutoka Dar es Salaam, aliyefika mwaka 1977 akitafuta miti na mimea ya dawa. Alisoma daftari kibarazani tangu chai ya asubuhi hadi ubwabwa wa mchana bila kunyanyua kichwa. Alipoulizwa anatafuta nini ndani ya uyoga, alieleza vizuri kwamba hewa ile ile inayotupa uhai hutuchakaza pia, polepole, kama inavyokitia chuma kutu, na kwamba baadhi ya mimea na uyoga ina vitu vya kuzuia kuchakaa huko. Chembe za mwili zikiharibika sana, alisema, nyingine husahau kazi yake na kuanza kuzaana ovyo, na hiyo ndiyo saratani.

Yordani, aliyekuwa amepambana na kutu ya korona miaka ishirini na saba, alisogeza kigoda.

“Kwa hiyo uyoga ni grisi?”

“Mzee, tuseme ni grisi, mpaka tutakapojua zaidi.”

“Grisi ya mashine gani? Maana ukiweka ya gia kwenye beringi umeua.”

Bwana Ponsiano aliandika swali hilo. Alikwenda na magunia mawili ya uyoga, kila kipande na karatasi yake ya jina la mti.

Barua yake ilifika Februari 1979. Mzee Sadala aliisoma hadharani. Ilisema kwamba maji ya uyoga wa mkuyu mkavu yamechelewesha mafuta kuchacha, na kwamba yalipotiwa juu ya chembe za saratani zilizokuzwa katika chupa, chembe zile zilipunguza kuzaana. Watu walipiga vigelegele. Mwenyekiti alikwisha kutaja kibao cha kuwekwa barabarani, kiandikwe kwamba hapa ndipo kwenye dawa ya saratani. Mama Hiza aliomba barua isomwe hadi mwisho. Mstari wa mwisho ulisema: “Haya yameonekana ndani ya chupa. Hatujayaona ndani ya mtu.”

Kisha Bibi Swaumu akasema, “Basi chupa imepona. Ipeni hongera.”

Kibao hakikuwekwa. Habari, hata hivyo, ilikwisha kutoka, na watu walikuja na chupa zao kutoka Korogwe na hata Lushoto. Mama Hiza aliwapokea wote. Aliyekuwa na uvimbe alimwambia aende hospitali kwanza, kisha arudi na karatasi ya daktari. Wengine walinuna. Kulikuwa na waliosema ana wivu na dawa ya mwenzake.

Juni 1981 alijigusa akioga, akakuta uvimbe katika titi la kushoto. Kwa siku nne hakumwambia mtu isipokuwa Yordani. Siku ya tano alimwambia Bibi Swaumu, na kijiji kizima kilijua, kwa sababu Bibi Swaumu alipita barabarani na chungu chake kikubwa kichwani na hakuficha anakokwenda.

Wakati huo huo alikuwapo Tatu, mama wa watoto wanne, jirani wa nyumba ya pili, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa na uvimbe mahali pale pale. Aliogopa kisu. Mama Hiza alikuwa amemsihi aende hospitali hadi sauti ikamkauka. Siku ile Tatu alikuja akaketi mlangoni, akasema mbele ya Bibi na chungu chake:

“Shikamoo, Mama Hiza. Mimi sina maneno mengi. Utakavyofanya wewe, nami nitafanya hivyo hivyo. Ukibaki nabaki.”

Marehemu alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Alitamani kubaki. Alilitamani jamvi lake, kivuli chake, na chungu cha mtu anayempenda. Alikuwa amewaambia watu miaka miwili wafanye jambo ambalo yeye mwenyewe, siku ilipofika, hakulitaka.

“Bibi,” alimwambia Swaumu, “uniwekee uyoga wako pakavu. Nakwenda Dar es Salaam.”

“Kwa hiyo dawa yangu haifai?”

“Sijasema haifai. Nasema sijaiona ikifanya kazi hii. Nitakatwa na wao, na kidonda kikifunga nitakunywa ya kwako. Nikipona mtagombana wenyewe.”

Bibi Swaumu alikishusha chungu. “Nenda. Lakini wakikupa chai, uliza majani yametoka mti gani.”

Waliondoka pamoja, Mama Hiza na Tatu, katika basi la Jumatatu, wakiwa na kapu moja la chakula. Walipasuliwa Agosti 1981 katika juma moja, wakalala vitanda vya jirani, na barua walizotuandikia zilijaa malalamiko juu ya uji wa hospitali. Madaktari walimkataza Mama Hiza kunywa kitu kingine chochote hadi matibabu yaishe. Alitii. Januari 1982 alianza kunywa maji ya uyoga, kikombe kimoja asubuhi, akikunja uso kiasi cha kuwafurahisha wajukuu wote.

Aliishi vizuri. Tuseme hivyo waziwazi. Alirudi zahanati kwa siku tatu za juma, alilima bustani ya mchicha, alimwoza Mashavu, na kila jioni alibishana na Bibi Swaumu kama ni kisu au ni chungu kilichomweka. Ubishi huo uliwafurahisha wote wawili, na hakuna aliyetaka ushindi.

Novemba 1984 mgongo ulianza kumuuma, na hospitalini wakaona ugonjwa umerudi katika mifupa. Alihamia kwa Hiza, Korogwe mjini, karibu na madaktari. Alipata maumivu, naye hakuyaficha, lakini hakupoteza ucheshi. Mwezi Machi aliomba daftari la nne, akamwita mdogo wake, akamwonyesha ukurasa wenye jina lake mwenyewe, mgonjwa wa mia moja sitini na nne. Safu zote zilikuwa zimejazwa isipokuwa mstari wa mwisho.

“Huu ujaze wewe, Kaleb,” alisema. “Usinipendelee. Wakinifanya shahidi wa uyoga, kuna mtu atabaki nyumbani na uvimbe wake. Wakisema uyoga haukufaa kitu, Ponsiano ataacha kuutafuta, na pengine kuna kitu. Andika ulichokiona.”

Alifariki Jumanne tarehe 16 Aprili 1985, saa tatu asubuhi, Yordani akiwa amemshika mkono, muda mfupi baada ya kuuliza kama mvua imenyesha Handeni. Ilikuwa imenyesha.

Marehemu ameacha mume, Mzee Yordani Mhina, watoto wawili, Hiza na Mashavu, wajukuu sita, na mdogo wake, Kaleb Matayo. Ameacha mtani wake, Bibi Swaumu Mbwana, ambaye ameomba atajwe pamoja na ndugu, na ndugu wamesema ndivyo ilivyo. Madaftari manne yatakabidhiwa kwa Bwana Ponsiano, aliyesafiri usiku kucha kuja kuyapokea.

Sasa tunasoma ukurasa, kama alivyoagiza.

“Namba 164. Stefania Matayo, mwanamke, mhudumu wa zahanati. Niliyoambiwa: kwamba kisu kinatosha, kwamba uyoga unatosha, kwamba nimerogwa. Niliyoyaona: uvimbe titi la kushoto, ukubwa wa mbegu ya embe. Umekatwa Agosti 1981. Uyoga kuanzia Januari 1982, kikombe kimoja, mchungu. Mti: mkuyu, umesimama mtoni, umekufa kwa radi, haukupakwa kitu. Mwisho:”

Na hapa ni mwandiko wa mdogo wake:

“Aliishi miaka mitatu na miezi minane baada ya kukatwa. Ni kwa kisu, au kwa uyoga, au kwa vyote viwili, hatukuona, na hatutasema. Alilima, alicheka, alimwoza binti yake. Alifariki tarehe 16 Aprili 1985 kwa ugonjwa ule ule. Namba 163, Tatu, aliyekwenda naye hospitali katika basi moja, yuko hai. Leo ameketi mstari wa mbele, na wanawe wanne wako naye. Huyo tumemwona.”

Dada yetu, mwalimu wetu wa kutazama, kazi umeimaliza na kalamu umeiweka mezani. Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani yake.